Tangi la samaki lenye mimea hai nyumbani: panda kwanza, samaki watasubiri (uzi mrefu)

Kijani_Kibichi (Tabata, Dar)

Wakuu, salaam. Huu uzi niliuahidi siku nyingi nikawa naukwepa. Leo umeme umekatika, simu ina chaji, nimekaa gizani mbele ya tangi na pampu imenyamaza. Basi ngoja niandike.

Nianze na aibu yangu. Tangi la kwanza nililiweka Jumamosi moja. Asubuhi nililichukua kwa fundi vioo, mchana nikapita ufukweni nikazoa mchanga mweupe na vipande vya matumbawe (vinapendeza kweli), jioni nikatoka dukani na samaki wanane kwenye mfuko: wawili wa dhahabu na gapi sita. Binti yangu alishawapa wote majina kabla hatujafika nyumbani. Siku ya tatu maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Siku ya tisa alibaki gapi jike mmoja, naye anahema juu juu. Muuzaji akaniambia nimewalisha mno. Labda. Lakini hata ningewahesabia punje, wale walikuwa wa kufa tu.

Kwa nini? Samaki anajisaidia humo humo anamopumulia. Kinyesi chake, chakula kilichobaki, hata kinachotoka kwenye mashavu yake, vyote vinaishia kuwa amonia, na amonia inamuunguza. Ziwani au mtoni wapo bakteria wanaoila na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, ila kuna bakteria wengine wanaoigeuza nitrati, na hiyo samaki anaivumilia kwa kiasi. Sasa tangi jipya halina bakteria hao. Wanajijenga wenyewe kwenye mchanga, kwenye sponji ya chujio na kwenye majani, na wanachukua kama wiki nne mpaka sita. Mimi niliwapa siku sifuri.

Na yale matumbawe yangu ndiyo yalimalizia. Matumbawe ni chokaa, chokaa inapandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda, uchachu unapungua). pH ikipanda kwa namba moja tu, kutoka 7 kwenda 8, ile sehemu ya amonia iliyo kali inaongezeka karibu mara kumi. Joto la Dar nalo linasukuma upande uleule. Kwa hiyo niliwawekea sumu, halafu nikaikoleza.

Mwaka mzima tangi lilikaa uvunguni. Nilipolirudia nilibadili mpangilio: kwanza udongo, pili mimea, tatu maji yakomae, samaki mwisho kabisa. Hili ninaloliangalia sasa lina miaka miwili na miezi kadhaa.

Tangi. Langu ni sentimita 60 kwa 30 kwa 35, kioo cha milimita 5. Ukijaza mpaka ukingoni ni lita 63. Ukitoa udongo na nafasi ya juu unabaki na kama 50. Anayeanza asiende chini ya hapo. Watu wanadhani dogo ni rahisi, kumbe maji machache yanachafuka haraka na kupata joto haraka. Mwambie fundi atumie silikoni ile yenye harufu ya siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafuni zina dawa na zinaua. Liache wiki likauke mpaka harufu iishe, lijaze nje kwanza lilale na maji usiku kucha uone kama linavuja, ndipo uliingize ndani.

Piga hesabu ya uzito. Maji kilo 50, kioo kilo 10, mchanga na udongo kilo 17 hivi. Huyo ni mtu mzima aliyeshiba, na hataondoka. Meza ya tivii ya mbao za kubandika itapinda. Chini ya tangi weka ule ubao wa povu jeupe unaokuja na tivii mpya, unasawazisha vile vibonde ambavyo jicho halivioni.

Lisikae dirishani jua linapopiga. Utapata supu ya mchicha.

Udongo. Sinunui zile punje maalumu za dukani. Nilichukua udongo wa juu wa shambani ambao haujatiwa samadi wala mbolea, nikauchekecha, nikautandaza sentimita 2 mpaka 3. Juu yake mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke safi, sentimita 3 au 4. Mchanga ndio kifuniko. Bila huo kila ukigusa maji yanakuwa chai ya maziwa.

Mchanga na mawe vipime kwa siki au ndimu. Dondoshea. Ukiona vipovu vinachemka, hiyo ni chokaa, rudisha ulikotoa. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, una chumvi na magamba ya kombe.

Gogo la mapambo: mimi nilitumia tawi kavu la mpera, nikalichemsha mara tatu kwenye sufuria ambayo mke wangu hajaisamehe mpaka leo. Maji yatageuka rangi ya chai wiki za mwanzo, haina neno. Tafadhali msikate mikoko kwa ajili ya tangi.

Mimea. Hapa ndipo pa kutumia hela yako. Usiweke shina moja katikati kama maua ya sebuleni. Jaza tangu siku ya kwanza, zaidi ya nusu ya sakafu. Mimea inakula amonia moja kwa moja, haisubiri bakteria wakomae.

Nilianza na valisneria kwa nyuma, majani marefu kama nyasi yanayotambaa yenyewe. Anubiasi kwa mbele, mmea wa Afrika Magharibi na Kati, mgumu kama kisamvu cha kiangazi. Na Ceratophyllum, ule wenye majani kama mkia wa paka, usio na mizizi, unaokua mpaka unachosha. Anubiasi ina shina nene linalolala. Usilifukie hilo shina, litaoza. Lifunge kwa uzi kwenye gogo, mizizi itajishikilia yenyewe.

Wiki mbili za mwanzo majani mengi yatayeyuka. Usipige simu dukani kugombana. Mimea mingi inakuzwa vitaluni ikiwa na majani hewani. Ikizamishwa inaacha yale majani na kutoa mengine ya majini. Kata yaliyooza, acha mzizi.

Taa. LED nyeupe ya wati 12, saa 6 mpaka 7 kwa siku. Wageni walipokuwa wanakuja nilikuwa naiwasha kwa saa 12 nzima nijionyeshe, nikapata mwani wa nyuzi, unautoa kwa mswaki kama tambi. Nilipunguza mpaka saa 6 kwa siku, nikanunua soketi yenye saa inayozima yenyewe, na kwa mwezi mmoja ukafifia.

Kwa wanaohofia LUKU: taa wati 12 kwa saa 7, pampu ya chujio wati 4 kwa saa 24, jumla haifiki hata robo uniti kwa siku. Kwa mwezi ni uniti tano na ushee. Pasi yako inakula zaidi.

Maji. Ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili kabla ya kutumia. Ya kisima kwa sisi wa Dar onja kwanza. Visima vingi vina chumvi, na mimea mingi haiitaki. Mimi nachanganya bomba na mvua ninayokinga kwenye bati masika, ila mvua ya kwanza naiacha ioshe paa.

Halafu unasubiri. Wiki nne bila samaki hata mmoja. Unabadilisha robo ya maji kila wiki, maana udongo wenyewe mwanzoni unatoa amonia. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani, mwombe akukamulie sponji yake chafu kwenye tangi lako. Yale matope ni mbegu ya bakteria, hakuna zawadi ya maana kuliko hiyo.

Ngojeni kidogo, umeme umerudi.

Chapati_Mbili

Mkuu nimesoma mpaka mwisho nikitafuta anakaangwaje.

Kijani_Kibichi

Gapi mmoja ni sentimita 4, leta kikaango cha mwanasesere.

Mama Tausi (Tanga)

Baba, umenikumbusha uchungu. Mimi ni mtu wa bustani, mchicha wangu unajulikana mtaa mzima, nikasema mmea ni mmea. Majani yalianza kuwa ya njano nikachota urea, punje za kwenye ncha ya kijiko, nikatia. Jioni ile ile samaki wanahema juu ya maji, asubuhi wote wameelea. Ilikuwa nini hasa? Na pia, yale maji meupe ya wiki ya kwanza, naweza kutia shabu kama tunavyosafisha maji ya mto?

Kijani_Kibichi

Pole mama. Urea ikiingia majini, bakteria wanaivunja inakuwa amonia ileile tunayoikimbia. DAP ni hivyo hivyo, ina amonia tayari. Mbolea ya mahindi haiingii tangini, hata punje. Kama umeweka udongo wa shamba chini, mwaka wa kwanza mimea haidai kitu. Ikidai, unanunua mbolea ya maji ya mimea ya tangini, isiyo na amonia, unatia nusu ya kipimo walichoandika.

Shabu usitie ndani. Weupe ule si matope, ni bakteria wamechanua wakati maji yanatafuta uwiano. Utaondoka wenyewe kwa siku kadhaa. Shabu itakuondolea weupe, lakini pia inashusha pH na kumaliza nguvu ya maji kuishikilia. Ila usiitupe, ina kazi nyingine, mtu wa Mwanza akija nitaieleza. Najua atakuja.

Rongai_Express

Boss, hii ni uzi ya maana. Lakini wewe uko Dar, maji yako ni moto bure. Huku kwetu Juni mpaka Agosti nyumba inashuka mpaka nyuzi 17 asubuhi. Samaki wangu walikuwa wanalala chini kama wameenda kwa mazishi. Niliweka hita ya wati 50 kwa lita 50, nikaseti 25, wakaamka. Watu wa Nairobi, Limuru, na hata nyinyi wa Arusha na Mbeya, msisome hii uzi mkadhani hita ni anasa. Token inaenda ndio, kwa hivyo mimi hufunika tangi na kioo juu, joto halitoroki.

Kuna faida moja tuko nayo. Maji baridi hubeba hewa zaidi. Kwa nyuzi 20 maji hushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, kwa nyuzi 30 ni 7 na nusu hivi. Stima ikipotea usiku kwangu silali na wasiwasi kama wa Dar.

Kijani_Kibichi

Hilo nililisahau, shukrani. Tena kwa watu wa joto nifafanue: mimea inatoa oksijeni mchana tu, usiku nayo inapumua kama sisi. Kwa hiyo hatari iko alfajiri. Ukikuta samaki wote wako juu saa kumi na moja asubuhi na mchana wako sawa, ni hewa, si ugonjwa. Pampu ndogo ya hewa ya kuchomeka kwenye pawabenki inaokoa. Huna? Chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, mara ishirini, rudia kila baada ya muda. Nimeshafanya na khanga kiunoni.

Jambo jingine la umeme kukatika: ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe chujio kabla hujanusa sponji. Bakteria wa humo wanahitaji hewa; wakikosa wanakufa na kuoza. Ikinuka, isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, ndipo uwashe. Usiisuuze bombani siku yoyote. Klorini inaua jeshi lako lote na unaanza wiki ya kwanza upya.

DogoWaChuo

Broo samahani, hiyo wiki nne ya maji matupu mimi nimefika wiki ya pili. Naona vitu vinacheza cheza juu ya maji, vinajikunja na kujikunjua. Ni samaki wameota?

Mama Tausi

Mwanangu, hao ni mbu.

Kijani_Kibichi

Hahaha. Hili lilistahili kuwa kwenye bandiko la kwanza, na ndiyo maana uzi una faida. Maelezo mengi ya kusubiri bila samaki yameandikwa na watu wa nchi za baridi, hayamtaji mbu. Sisi ukiweka lita 50 za maji yaliyotulia sebuleni umewafungulia wodi ya wazazi. Na Dar tumeshapigwa na dengi, 2014 na tena 2019. Mbu wake anapenda maji safi ya kwenye vyombo vya nyumbani, hahitaji mtaro.

Dogo, fanya hivi: funika juu kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, kiwe hakina dawa, maana dawa ya chandarua inaua samaki. Funga kwa lastiki pande zote. Elekeza mdomo wa pampu ujuu maji yatikisike. Mbu hapendi kutaga kwenye maji yanayochezacheza. Hao waliopo watoe kwa chujio la chai, na usiwatupe. Wagandishe kwenye friji, samaki wako wa kwanza watakushukuru.

DogoWaChuo

Friji ni ya hosteli. Watanipiga.

Sangara_wa_Pasiansi (Mwanza)

Nimeitwa nimekuja. Nyie mnanunua Ceratophyllum, huku ziwani inajaa pembeni bure, mvuvi anaitoa kwenye nyavu akilaani. Nimeotesha tangi zima kwa kazi ya dakika kumi. Lakini naomba msome taratibu hapa, maana nililipia.

Miaka minne iliyopita niliingia majini magotini kuvuna, bila viatu. Baada ya wiki kadhaa homa, tumbo, uchovu, kikohozi. Nikatibiwa malaria mara mbili. Mara ya tatu daktari akaagiza kipimo cha choo: kichocho cha tumbo. Vidonge vya prazikwanteli, nikapona. Anayebeba mdudu wake huku ni konokono mdogo bapa, kama kifungo cha shati kilichosokotwa, anakaa hasa kwenye majani hayohayo unayoyatamani. Mdudu anatoka kwa konokono, anaogelea, anapenya ngozi. Hahitaji kidonda.

Kwa hiyo siku hizi nanunua kwa kijana mwenye mtumbwi na buti, na nikipokea nashika kwa glavu. Majani yanakaa kwenye ndoo peke yake. Je, nikiyaweka tangini na konokono mmoja akapita, tangi langu limekuwa bwawa la kichocho? Hili sijawahi kujibiwa vizuri.

Kijani_Kibichi

Swali zuri kuliko uzi wangu. Jibu kwa ninavyoielewa njia ya mdudu huyo:

Akishatoka kwa konokono anaishi siku moja, mbili hivi, asipopata ngozi anakufa. Kwa hiyo majani yasiyo na konokono, yakikaa ndooni siku tatu nne, hatari ya mdudu anayeogelea imeisha. Tatizo ni konokono mwenyewe, akiwa ameambukizwa anaendelea kuwatoa kwa wiki nyingi. Lakini konokono hazaliwi na mdudu. Anaupata kutoka kwenye mayai yaliyoingia majini kwa haja ya binadamu. Tangini kwako hakuna anayejisaidia (natumaini), kwa hiyo watoto wa konokono watakaozaliwa humo ni safi. Wa kuogopa ni yule aliyekuja na mzigo.

Sasa ndiyo kazi ya shabu, mama Tausi. Ndoo ya pembeni, kijiko kimoja kikubwa cha shabu iliyosagwa kwa kila lita 4, majani yaloweke saa kadhaa, kisha suuza kwa maji mengi mara mbili tatu. Konokono wengi wanakufa. Mayai yao ni magumu zaidi, yako kwenye ute kama jeli chini ya jani, hayo yasugue kwa kidole chenye glavu. Halafu wiki mbili kwenye ndoo, unakagua kila siku. Humo ndimo utawaona na wale watoto wa kereng'ende, wabaya sana, anakula kifaranga cha samaki akiwa hai.

Maji ya ndoo yamwage kwenye udongo mkavu, yasiende mtaroni.

Sangara_wa_Pasiansi

Hapo kwenye kumwaga naongeza neno. Magugumaji yaliyolifunga ziwa letu miaka ya tisini yalitoka Amerika Kusini, yakapendwa kwa ua lake zuri la zambarau. Nimeona mtu anayauza kama mapambo ya tangi! Mimea ukiipunguza, anika juani ikauke kabisa au ifukie kwenye mbolea ya takataka. Usiitupe mtoni hata tawi moja. Ceratophyllum inaota kutoka kipande cha urefu wa kidole.

Mkungu_Mmoja (Unguja)

Assalaam alaykum jamaa. Mimi nina machache. Hapa kwetu mkungu unapukutisha majani yale mekundu na mwanamke kila asubuhi anayafagia. Basi huko Ulaya na Marekani jani hilohilo la mkungu linauzwa kwa pakiti, watu wanalitia tangini. Linatoa rangi ya chai, linalainisha maji kidogo, na samaki wanapenda kujificha chini yake na kula vijidudu vinavyoota juu yake. Okota lililoanguka lenyewe, likavu, lisiloliwa na wadudu, si la kando ya barabara yenye moshi. Lioshe. Jani moja kwa lita 40 linatosha.

La pili, mbona mnawataja gapi tu, ambao asili yao Amerika Kusini? Sisi tuna samaki wetu. Kuna mmoja wa hapa hapa Unguja, wataalamu wanamwita Nothobranchius guentheri, dume ana mkia mwekundu kama kaa la moto na mwili wa buluu kijani. Anaishi kwenye madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka mzee anakufa, lakini mayai yamekaa kwenye tope kavu yakingoja mvua, mwakani yanaanguliwa. Maisha yake yote hayatimizi mwaka. Bara nako wapo ndugu zake, Rufiji, Mafia, Tanga. Watu wa ughaibuni wanatumiana mayai yake kwa posta ndani ya mfuko wa mboji yenye unyevu, na sisi tunapita na baiskeli juu ya dimbwi lake.

Kijani_Kibichi

Shekhe, wa alaykum salaam. Hao nawajua kwa picha tu. Swali: wanakubali tangi lenye mchanga?

Mkungu_Mmoja

Wanakubali kuishi. Kutaga wanataka tope au mboji, unawawekea bakuli dogo humo ndani lenye mboji laini, wanaingia wawili wawili wanajichomeka. Dume mmoja kwa majike wawili watatu, madume wakizidi wanaparurana. Chakula kikavu wengi hawakitaki, wanataka kinachotikisika. Yule dogo wa hosteli mwenye viluwiluwi angekuwa tajiri. Na ukichukua dimbwini, chukua wachache uwazalishe, usikombe.

Rongai_Express

Na hawa wa maziwa? Nilipewa wale wa njano wa Malawi.

Kijani_Kibichi

Wa Ziwa Nyasa na wa Tanganyika ni wazuri kuliko wote, hilo sibishani na mtu. Lakini kwa tangi la mimea la kwanza, hapana. Wengi ni wachimbaji na wala majani. Unapanda asubuhi, jioni valisneria inaelea kama kitunguu kwenye supu. Na maji yao ni magumu, pH ya 8 na kuendelea. Wao wanataka mawe, pango na tangi lao wenyewe. Anubiasi iliyofungwa juu ya jiwe ndiyo pekee niliyoona inapona, jani lake gumu halina ladha.

Kwa anayeanza: wiki ya tano tia gapi watatu au wanne, dume mmoja, usubiri wiki mbili ndipo uongeze. Wanavumilia maji yetu magumu. Lisha kidogo mara moja kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Onyo: gapi wanazaa. Jike anaweza kuja na mimba kutoka dukani. Samaki wa dhahabu msiwaweke humu kabisa, wanakua wakubwa, wanachafua, na wanakula mimea kama mbuzi.

DogoWaChuo

Broo kuna mtu ananiambia nichanganye hamira na sukari kwenye chupa nipitishe gesi tangini, mimea inakua hatari. Kweli?

Kijani_Kibichi

Kweli. Hamira inakula sukari inatoa hewa ukaa, mmea unaitumia mchana. Chupa ya lita 1.5, vikombe viwili vya sukari, robo kijiko cha chai cha hamira, maji ya uvuguvugu yasijae, mpira kutoka kwenye kifuniko, na chupa ya pili ndogo ya maji katikati ili togwa lisiingie tangini. Inafanya kazi wiki mbili tatu. Lakini usiifunge bila njia ya kutokea, inapasuka, na gesi ikiingia usiku kucha kwenye tangi dogo lililojaa samaki unawabana pumzi. Kwa anubiasi na valisneria huihitaji. Kamilisha kwanza wiki nne.

Na chumba kitanuka ulevi. Msimamizi wa hosteli akija useme nini?

Chapati_Mbili

Wakuu. Ukipewa tangi la lita 20 bure na shemeji, gapi wanaingia wangapi? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

Mama Tausi

Eeh! Karibu.

Kijani_Kibichi

Mwambie rafiki yako aanze na sifuri kwa mwezi mmoja. Halafu gapi madume watatu, bila jike, wasije wakamjaza. Abadili robo ya maji kila wiki bila kuruka, kwa lita 20 hakuna msamaha.

Sangara_wa_Pasiansi

Kijani, nimekutumia mzigo kwa basi la usiku. Ceratophyllum kilo moja na yungiyungi mbili ndogo. Nimezifunga kwenye gazeti lililoloa ndani ya mfuko, bila maji, zinafika vizuri zaidi kuliko zikiwa zinaogelea. Nimekagua mara mbili.

Kijani_Kibichi

Nimepokea asubuhi hii, jani moja tu la yungiyungi limepigwa, mengine kama yamechumwa sasa hivi. Ubarikiwe. Umekagua mara mbili, mimi nimekagua mara ya tatu kwa tochi ya simu: konokono bapa wawili, mmoja mkubwa kama punje ya dengu. Nimewatoa kwa kibanio, nikawatia kwenye maji ya moto. Ndoo iko uani, imefunikwa, nimeandika tarehe kwa chaki. Shabu imeisha dukani kwa jirani, nafuata Kariakoo kesho.